Devar wa Bharpai

Bharpai alipewa jina hilo kwa hasira. Alikuwa binti wa tano kwa baba yake, na siku aliyozaliwa bibi yake alitoka chumbani akawatangazia waliokuwa wakingoja uani, "Bharpai," yaani tumeshapata vya kutosha, asanteni, mabinti basi. Vijiji vya Haryana, kaskazini mwa India, vimejaa wanawake wenye majina ya namna hiyo, na wengi huzeeka nayo bila kuyauliza kitu. Huyu aliuliza. Alipopata nguvu za kubeba ndoo alimwendea bibi yake jikoni.

"Bibi, baada yangu hamkuzaa tena?"

"Tulizaa. Mabinti wawili."

"Basi jina halikufanya kazi."

Alipigwa kofi, lakini tabia haikutoka. Tangu utoto wake, neno likipita mbele ya Bharpai lazima alikamate shati na kuliuliza linatoka wapi na linakwenda kwa nani.

Aliolewa kijiji cha Kheri Moran, kwa kijana aitwaye Rishal, mrefu, mpole, mwenye mabega ya mcheza mieleka na mdomo mzito. Mke mpya kule ana somo kubwa la kusoma: nani afichwe uso na nani asifichwe. Kwa baba mkwe, shusha mtandio. Kwa baba mkubwa wa mume, shusha mpaka kidevuni na usithubutu kusema. Kwa kaka mkubwa wa mume ni hivyo hivyo, hata mkiishi uani pamoja mpaka mzeeke asijue pua yako ikoje. Lakini mdogo wake mume ana jina lake peke yake, devar, na kwa devar sheria zote hizo huvunjwa. Mtandio hupandishwa, mdomo hufunguliwa, na matusi ya mzaha hutoka bure bila kodi. Sisi tumewatia kaka na mdogo wa mume kwenye kapu moja la shemeji, tukaona tumemaliza kazi. Wenzetu wa kule hawana uvivu huo.

Devar wa Bharpai aliitwa Umed. Alikuwa na miaka sita, kamasi puani, na kaptura iliyofungwa kwa kamba. Desturi ni kwamba bibi harusi akishaingia ndani, devar mdogo hupakatwa mapajani mwake ili nyumba ijaliwe watoto wa kiume. Umed akapakatwa. Alikula peremende zote alizopewa bibi harusi, akachungulia chini ya mtandio wake, kisha akatangaza kwa sauti iliyofika barabarani:

"Ana chunusi! Ataondoka lini?"

Wanawake wakavunjika mbavu. Bharpai akamfinya paja kimyakimya, Umed naye akamfinya mkono, na urafiki wao ukaanzia hapo.

Miaka ile ya mwanzo Bharpai hakuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya kisimani na shambani, na ni Umed aliyemletea dunia mpaka jikoni: nani kapigana na nani, nani kauziwa nyati mgonjwa, mwalimu kamchapa nani na kwa kosa gani. Alijifunza kusoma kwa kitabu cha Umed cha darasa la kwanza, huku akimtoa chawa. Alimwogesha na kumpaka mafuta ya haradali kichwani, alimchapa alipoiba sukari guru, na baba yake alipomtafuta kwa fimbo alimficha chini ya kitanda cha kamba kisha akaketi juu yake akichambua dengu. Kijana alipobalehe na sauti kuanza kukwaruza, Bharpai ndiye aliyekuwa wa kwanza kumcheka.

"Chura gani huyu kaingia jikoni kwangu?"

"Chura anataka chapati ya uwele, shemeji. Na siagi juu yake, usilete ubahili wa kwenu."

"Kwetu ubahili? Kwenu ndiko wageni hupewa maji wakaambiwa chakula kiko njiani!"

Kutoka chumbani, Sarbati, mama mkwe, angepaza sauti kuwaambia wanyamaze, na wala hakuwa amekasirika. Bharpai alizaa mtoto mmoja tu, binti aitwaye Birmati. Mimba zilizofuata ziliharibika, na jambo hilo alilizungumza na Rishal peke yake.

Maswali yake ya maneno alikuwa akiyapeleka kwa Shastri Harnarayan. Mzee huyo alifundisha Kisanskriti kwenye shule ya mji wa jirani mpaka alipostaafu, akanunua mashine ya kusaga unga, na kwa kuwa wateja wake walizungumzia bei ya ngano tu, alikuwa na kiu ya kuulizwa kitu kingine chochote. Bharpai alisimama na gunia lake, mtandio chini kama inavyompasa mke wa kijijini mbele ya mzee, akauliza kupitia kitambaa. Siku moja aliuliza kwa nini dada wa mume huitwa nanad.

"Ah, hilo!" Shastri akazima mashine kabisa. "Wataalamu wa zamani walilifasiri hivi: yule asiyeridhika, hata ahudumiwe namna gani."

Bharpai alicheka mpaka gunia likamponyoka. Wifi yake alikuwa ameondoka juzi tu. Alikuja akala, akalala, akapewa shali mpya, na akapanda gari la ng'ombe akinung'unika kwamba rangi ya shali ni ya wazee.

"Ndiyo maana halisi, Shastri? Au walikuwa na mawifi wabaya?"

"Mwanangu, na mimi nashuku walikuwa na mawifi wabaya," mzee akasema. "Ukiona maana imekaa sawasawa mno, jua kuna mtu aliishona baadaye."

Hivyo ndivyo alivyoishi, na angeendelea hivyo hivyo mpaka uzeeni kama Rishal asingekwenda asubuhi moja ya baridi kumwagilia ngano. Mota ya kisima cha shamba ilikuwa na waya uliochubuka. Alishika swichi miguu ikiwa ndani ya maji. Walipomleta nyumbani juu ya mlango uliong'olewa, Bharpai alidhani amelala tu, akamwambia Umed amfunike miguu.

Bangili zake zilivunjwa kama za kila mjane, nguo za rangi zikafungiwa sandukuni. Kwa miezi kadhaa alifanya kazi, akala alichopewa, wala hakumwuliza mtu lolote. Umed alilima zamu ya kaka yake na zamu yake mwenyewe, na jioni aliketi karibu na jiko akimkatia Birmati chapati vipandevipande. Wakati mwingine alisema, "Kula basi, shemeji." Bharpai akala.

Kisha wazee wakakutana. Waliketi kwenye baraza la mbele, kiko cha maji katikati, na Bharpai alikuwa nyuma ya ukuta akikata majani ya nyati, kwa hiyo alisikia yote. Aliyeongea zaidi ni Mange, kaka mkubwa wa baba mkwe wake, mtu mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo.

"Msiba usivunje nyumba," alisema Mange. "Shamba ni moja, na mtoto ni wetu. Umed ana miaka kumi na tisa, ni mwanamume. Sikukuu ya Phaag ikipita, wafunikwe shuka, yaishe."

Kufunikwa shuka ni jambo fupi. Mjane na mdogo wa marehemu huketishwa pamoja, shuka jeupe hutandazwa juu ya vichwa vyao mbele ya wazee, mwanamume humrudishia mwanamke bangili mkononi, sukari guru hugawiwa, basi, wameoana. Ngoma hakuna, wala farasi wa bwana harusi. Wengi wamefunikwa hivyo wakaishi kwa amani, na kwa wengine shuka lile liliwaokoa kurudishwa kwa baba zao kama mzigo. Bharpai aliyajua hayo. Ila huyu Umed yeye ndiye aliyemtoa chawa.

"Na wala si desturi yetu tu," Mange aliongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala. "Neno lenyewe linasema. Devar ni bwana harusi wa pili. Wataalamu wa Kisanskriti walishaandika tangu zamani. Kehar, unasemaje?"

Kehar, baba mkwe wa Bharpai, alivuta kiko. "Nitasema nini? Ndivyo ilivyo."

Bharpai alimwomba Sarbati awapelekee wazee jibu lake, kwa kuwa yeye hakuwa na mdomo mbele yao. Jibu lilikuwa hapana. Sarbati akaenda, akarudi.

"Wamecheka," alisema. "Mange anasema kila mjane husema hapana mara ya kwanza, ni haya tu."

"Nenda tena, Mama. Waambie si haya."

Aliporudi mara ya pili Sarbati hakumtazama usoni. "Anasema asiyetaka kufunikwa arudi kwa baba yake. Birmati atabaki. Damu ya Rishal haitoki nyumba hii."

Bharpai akaketi palepale penye majani. Kubaki ni kuolewa na kijana aliyemwogesha, kuondoka ni kumwacha mtoto, na neno lake la hapana watu wamelichukua wakalifanya haya ya mwanamwali. Alikasirika hasira ambayo hakuijua tangu azaliwe. Na hapo, katikati ya hasira, swali likamjia kama zamani: hivi neno hilo linasema kweli anachosema Mange?

Alichukua gunia la ngano, ingawa unga nyumbani ulikuwa haujaisha, akaenda kwenye mashine.

Shastri alizima injini kabla hajaombwa. Habari zilikwishamfikia, kijiji kina masikio.

"Devar," alisema Bharpai chini ya mtandio. "Ni kweli maana yake bwana harusi wa pili?"

Mzee alijifuta unga mikononi. "Kuna mtaalamu wa kale aliyesema hivyo, ndiyo. Mange hakudanganya."

Bharpai akaanza kulifunga gunia.

"Lakini mtaalamu huyohuyo," Shastri akaendelea, "hakuishia hapo. Alitoa na maana nyingine, kwamba linatokana na kucheza. Devar ni yule anayecheza. Hiyo ya pili Mange hajaisikia, au kaisikia akaiacha."

"Na wewe unashika ipi?"

"Mimi?" Mzee alicheka kidogo, bila furaha. "Nikuambie ukweli? Hakuna. Neno hilo ni kongwe kuliko wote waliolifasiri. Wamewakuta ndugu zake kwenye lugha za kale za mbali huko magharibi, na huko nako halikuwa na maana nyingine ila mdogo wa mume, au kaka yake, basi. Watu wakaoa kwanza, wakacheza kwanza, kisha wakatafuta maana. Kila mtu alitazama nyumbani kwake akaeleza alichokiona."

"Basi neno halimlazimishi mtu."

"Neno halina mikono, mwanangu. Mange ndiye mwenye mikono. Nami nikienda barazani kumwambia haya, atanipa maji, atanishukuru, na atafanya alilokusudia."

Alimsagia ngano yake akakataa malipo. Bharpai alirudi nyumbani akiwa amepata jibu ambalo halikumsaidia kitu, na hata hivyo alilipenda. Alilirudia njia nzima: kila mtu alitazama nyumbani kwake. Nyumbani kwake yeye kulikuwa na nini?

Nyumbani kulikuwa na Umed, naye alikuwa amebadilika. Alikuwa haingii tena jikoni. Chapati aliletewa nje. Akipishana na Bharpai uani aliinamisha kichwa na kupita ukutani. Siku moja Bharpai alimziba njia kwenye zizi la nyati, ndoo ya maziwa mkononi.

"Wewe, umemeza ulimi? Siku hizi hata jina hunipi."

"Nikuite nani?" Umed alisema, akiitazama ndoo. "Baba mkubwa amenikataza kukuita shemeji. Anasema nianze kuzoea. Na jina lako mimi sijawahi kuliita maishani mwangu. Nikikuita, nikuite nani?"

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Wakisema nifunikwe, nitafunikwa. Wakisema nisifunikwe..." Akageukia nyati. "Ningemkatalia nani? Baba? Mtoto wa kaka ataishi na nani? Nimefikiri mpaka kichwa kinauma, bhabhi." Neno lilimtoka kwa lugha yake, jina lilelile la mke wa kaka alilokatazwa, akajishika mdomo kama aliyetukana hekaluni, akaondoka.

Bharpai alilia hapo zizini kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mpaka dakika ile alikuwa akijihurumia mwenyewe. Hakuwa amewaza kwamba kijana naye ananyang'anywa kitu.

Siku iliyofuata walikuwa wakibandika samadi ukutani ikauke iwe ya kuwashia moto, yeye na Sarbati, mikono mpaka viwiko. Sarbati mwenyewe alikuwa mjane zamani. Mume wake wa kwanza alikuwa kaka wa Kehar, yule wa kati, baina ya Mange na Kehar, na aliaga dunia kwa homa. Kehar ndiye aliyekuwa devar. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, na hakuna aliyelizungumza.

"Mama, ulipofunikwa shuka na Baba ilikuwaje?"

"Swali gani hilo! Bandika samadi."

Bharpai akabandika. Akangoja. Alijua kwamba swali likishaingia ndani ya mtu huwa halikai tu.

"Mume wangu wa kwanza nilimlilia," Sarbati akasema baada ya muda, akiongea na ukuta. "Watu wakanisaidia kulia, ndiyo kazi yao. Lakini Kehar... wewe humjui Kehar. Unamjua mzee anayekohoa mlangoni. Alikuwa mchekeshaji yule! Alikuwa akimwiga mama mkwe wangu mpaka nashika kiuno. Phaag ya mwisho kabla ya msiba nilimchapa mpaka kolda, ule mtandio wa kuchapia, ikachanika, naye akaninyanyua akanitumbukiza kwenye birika la kunyweshea nyati, mbele ya kijiji kizima."

"Baba?"

"Baba huyohuyo. Kisha shuka likatandazwa, akawa mume. Akaanza kukohoa kabla ya kuingia ndani. Nami nikaanza kushusha mtandio. Ni mtu mwema, hajanipiga, hajaninyima. Lakini mke hampigi mumewe siku ya Phaag. Mke hupiga madevar, na mimi sikuwa na mwingine." Alipiga bonge la samadi ukutani kwa nguvu. "Mume nilipata. Devar ndiye alikufa, na yule hakuna aliyenisaidia kumlilia."

Bharpai alichota samadi, akabandika karibu na bonge lake.

"Nilizoea," Sarbati akamalizia. "Na wewe utazoea."

Phaag ikafika, siku ya rangi na maji, ngano ikiwa imeanza kubadilika shambani na jua limepata makali. Kila pahali pengine watu hupakana rangi. Haryana wana yao zaidi: wanawake husokota mtandio wa zamani, wakaulowesha mpaka uwe mzito, hiyo ndiyo kolda, na wakawasubiri madevar uchochoroni. Devar huja na ndoo ya maji na fimbo ya kujikingia. Yeye humwaga, mwanamke huchapa. Hakuna anayehurumiwa, na mwanamume anayeondoka bila alama mgongoni huchekwa mwaka mzima kwamba hana shemeji anayempenda.

Mjane hatoki siku hiyo. Bharpai alikuwa ndani, akimsikiliza Birmati akipiga kelele nje na watoto wenzake, na akisikia sauti za wanawake.

"Njoo wewe mwenye masharubu ya paka! Jana si ulijigamba?"

"Nakuja, shemeji, mwache kwanza huyo uliyemtia kilema apumzike!"

Kisha kishindo cha kitambaa chenye maji mgongoni, na kicheko. Alichungulia dirishani. Umed hakuwa uchochoroni. Mange alikuwa amemketisha barazani pamoja na wazee, katika shati jeupe lililopigwa pasi, mikono magotini. Shuka lenyewe lilikwishanunuliwa. Shughuli ilipangwa siku mbili mbele. Kijana aliketi kama mtu anayengoja kupigwa picha ya kitambulisho.

Bharpai alimtazama muda mrefu. Kisha akafungua sanduku, akatoa mtandio wa njano wa siku za harusi yake, akausokota. Alikwenda kwenye birika la nyati, akaizamisha kolda mpaka ikalewa maji. Mtandio wa kichwani aliushusha mpaka kidevuni, kwa sababu alikuwa anaenda mbele ya wazee na adabu ni adabu, akatoka.

Wanawake walimwona kwanza. Mmoja akasema, "Bharpai?" na wengine wakashusha ndoo. Alipita katikati yao, miguu peku kwenye tope la rangi, akafika barazani. Aliinama akawagusa wazee miguu kwa zamu, Mange wa kwanza, kama mke mwema wa nyumba anavyotakiwa. Wazee wakambariki bila kufikiri, kwa mazoea. Kisha akasimama mbele ya Umed, akapandisha mtandio upande ule mmoja tu, upande wa Umed, akamchapa.

Kishindo kilisikika mpaka kwenye mashine ya unga. Shati jeupe likachorwa mstari wa njano kutoka bega mpaka kiuno.

"Shati la pasi siku ya Phaag?" alisema Bharpai. "Nani amekudanganya, devar?"

Wazee walijua, wanawake walijua, hata watoto walijua kwamba mwanamke hampigi siku hiyo mtu aliyekwishatajwa kuwa mumewe. Hapana yake walikuwa wameicheka, sasa iliwekwa mbele yao mchana kweupe, na haikuwa na haya hata chembe.

Akamchapa tena.

Umed alisimama. Alimtazama baba yake, akamtazama baba yake mkubwa, kisha akamtazama mwanamke huyu aliyekuwa akimficha chini ya kitanda, na uso wake wote ukafunguka. Aliruka chini ya baraza, akampokonya mwanamke wa jirani ndoo yake, akammwagia Bharpai maji mekundu kuanzia kichwani mpaka miguuni, nguo zake nyeupe za ujane zote.

"Na wewe nani amekudanganya ujifungie ndani, shemeji?" alipiga kelele, akilia. "Shemeji! Shemeji!"

"Aibu gani hii!" Mange alikuwa amesimama, kilemba kimemkaa upande. "Mjane! Amepakwa rangi! Mbele yetu! Kehar, sema neno, au nyumba hii haina mwenyewe?"

Kiko kilikuwa mkononi mwa Kehar, moshi unamtoka puani, na macho yake hayakuwa kwa Mange wala kwa Bharpai. Alikuwa akimtazama mkewe. Sarbati alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mhimili.

Sarbati akaja. Alitembea taratibu kwa sababu ya magoti yake, wanawake wakampisha. Alinyoosha mkono kwa Bharpai, na Bharpai, asijue kama anapokonywa au anaombwa, akampa kolda. Alidhani yamekwisha. Aliona kesho yake nzima hapo: gari la ng'ombe, sanduku, Birmati amesimama uani.

Sarbati aliipima kolda mkononi. Akapanda barazani, na bila kumwomba mtu ruhusa akamchapa mumewe mgongoni.

Kiko kilianguka, makaa yakatawanyika, wazee wakakunja miguu. Mange alibaki mdomo wazi. Kehar aliinamisha kichwa akakaa hivyo, viganja magotini, na watu wote wakangoja hasira yake.

"Kaka," alimwambia Mange bila kugeuka, "suala la shuka limekwisha. Bharpai atakaa hapa na mtoto wake na sehemu ya Rishal shambani. Mimi nimesema."

Kisha akampa mkewe mgongo vizuri zaidi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kijana mmoja mchekeshaji ambaye Bharpai hakuwahi kukutana naye.

"Na wewe, shemeji, uzee umekumaliza. Mkono umelegea kama mtindi. Piga tena."

Sarbati akapiga tena, na tena, akilia na kucheka, mpaka wanawake wa uchochoroni wakaja na ndoo zao.